Mvua yote hii ya Goma, mito iko wapi?

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano anaandika kutoka Majengo, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo:

"Jambo Mwalimu. Darasani tulisoma kwamba mahali penye mvua nyingi panakuwa na mito mingi. Hapa kwetu mvua inanyesha hadi tunachoka, na sijawahi kuona mto hata mmoja katika mji huu. Maji tunanunua kwa bidoni ama tunashuka ziwani. Nyanya yangu anasema mito ipo, eti inapita chini ya mji. Ni kweli? Na swali la pili: kwa nini watu walijenga mji mkubwa namna hii mahali pasipo na maji, tena chini ya volkano? Mwalimu wetu alisema tutafute jibu wenyewe."

Mwanangu,

Kanuni mliyosoma si ya uongo, imekatwa mguu tu. Nami niliifundisha hivyo hivyo, ya mguu mmoja, kwa miaka mingi, hadi mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza unachouliza wewe leo. Nilimjibu kwa kumwambia afungue ukurasa unaofuata. Aibu ile ninayo mpaka leo, kwa hiyo jibu lako chukua pia kama deni ninalomlipa yeye.

Mguu uliokatwa ni jiwe. Mvua inaleta maji, lakini linaloamua maji yapite juu au yazame chini ni lile yanaloangukia. Kabla hujaendelea kusoma, toka uani na kikombe cha maji. Majengo ninaijua: parseli nyingi kule hazina udongo wa kujaza hata sufuria, ni mawe meusi na changarawe. Mimina maji polepole mahali pamoja. Hayatafanya dimbwi. Yataacha doa la unyevu, na kabla hujamaliza kuwaita wadogo zako waje kuona, doa lenyewe limeshaanza kukauka. Sasa kama una ndugu Sake au Masisi, mwombe akuletee udongo mwekundu wa shambani. Ushindilie vizuri kwenye kopo la nyanya lililotobolewa chini, kisha umimine kikombe kile kile. Hapo utasubiri.

Chukua jiwe moja mkononi. Limejaa matundu, mengine kama tundu la sindano, mengine yanaingia harage. Hayo ni mapovu ya gesi yaliyogandishwa pale lava ilipopoa. Wengi husema Goma haina mito kwa sababu mawe yake yana matundu, na kwenye karatasi ya mtihani watapata alama. Lakini si hivyo hasa. Matundu mengi yamefungwa kila moja peke yake, kama vyumba visivyo na mlango. Maji hayavuki kutoka hapa kwenda pale. Yanayomeza mvua ni mambo mawili mengine. La kwanza ni nyufa: lava ikipoa inasinyaa, ikisinyaa inapasuka, kutoka juu hadi chini. La pili ni vifusi. Kila mtiririko unapoganda, ngozi yake ya juu huvunjikavunjika, na mtiririko unaofuata huja kuilalia bila kuisaga yote. Kwa hiyo Goma imejengwa juu ya kitu kama chapati nyingi zilizopangwa, na kati ya chapati na chapati pana tabaka la makombo. Maji yanapata ngazi ya kushukia.

Na chapati zetu ni nyembamba, kwa sababu lava ya Nyiragongo, volkano yetu, ni nyepesi kupita kawaida. Ina silika kidogo sana, na silika ndiyo inayoifanya lava iwe nzito kama ugali. Ya Nyiragongo inakimbia kama uji wa mgonjwa. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977 mlima ulipasuka ubavuni, ziwa la lava lililokuwa ndani ya kreta likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja, na kwenye miteremko mikali mkondo ulifikia mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Mtu hakimbii mbele ya kitu kama hicho.

Mwaka 2002 mimi nilikuwa hapa. Lava ilishuka tarehe 17 mwezi wa kwanza, ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Siku chache baadaye nilivuka juu yake kama watu wote, maana hapakuwa na njia nyingine ya kwenda kuona nani amebaki. Juu palikuwa pameganda, unatembea, ila kwenye nyufa uliona wekundu, na viatu vilinuka mpira unaoungua. Halafu mvua ikanyesha, mvua yenyewe ile ya Goma. Nilitegemea kuona maji yakitiririka kuelekea ziwani, kwa kuwa barabara ile ina mteremko. Hakuna kilichotiririka. Maji yaliingia kwenye nyufa yote, yakarudi juu yakiwa mvuke, mtaa mzima ukafuka kama jiko la makala lililomwagiwa ndoo. Hiyo ilikuwa mvua ya kwanza ya jiwe lile, na tayari lilijua kazi yake.

Sasa tutembee kidogo nje ya mji, ndipo utaona kanuni ikirudishiwa mguu wake. Ukienda magharibi, kwenye kilomita kama 25, unafika Sake. Hapo uwanda wa lava unaishia na vilima vya Masisi vinaanza. Vilima hivyo ni vya mawe ya zamani sana, yaliyokwisha oza na kuwa udongo mfinyanzi, na papo hapo unakuta mito. Ukienda mashariki, ukavuka mpaka, kilomita chache tu ndani ya Rwanda unakuta mto Sebeya ukiingia ziwa lile lile letu la Kivu. Mwanzoni mwa mwezi wa tano 2023 Sebeya ulifurika na kubomoa nyumba za watu. Siku moja mbili baadaye, tarehe 4, mito ya Kalehe upande wa Kivu Kusini ikashusha matope na majabali juu ya Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Goma iko katikati ya sehemu hizo mbili, chini ya anga moja na katika msimu mmoja. Sisi hatuna mto wa kutuulia watu hivyo. Tuna vingine, nitavifikia.

Bukavu, mji wa upande wa kusini wa ziwa, ndiyo inayonifurahisha zaidi kama mwalimu. Ukimuuliza mwanafunzi, atasema Goma ni mji wa lava na Bukavu ni mji wa udongo. Kumbe sehemu kubwa ya Bukavu nayo imekaa juu ya lava! Tofauti ni umri. Lava ya Bukavu ina mamilioni ya miaka. Mvua na joto vimeitafuna hadi imekuwa udongo mwekundu mzito, ule unaokwama kwenye viatu na kukataa kutoka. Maji yanaingia kwa shida, yakiingia hayatoki upesi, udongo unalewa, kilima kinateremka na nyumba zake. Mtu wa Funu, kule Kadutu, hahitaji kufafanuliwa. Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike tu "jiwe la volkano". Andika na umri wake. Lava ya jana inakunywa, ya zamani inatema.

Haya, maji yamezama. Yanakwenda wapi?

Yanashuka hadi yanapokuta usawa ambao mawe yote chini yake yamejaa maji. Kwa Goma usawa huo hauko mbali sana na uso wa ziwa lenyewe, kwa sababu ziwa ndilo beseni ambalo kila kitu kinaelekea. Fanya hesabu. Uso wa ziwa Kivu uko kama mita 1,460 juu ya bahari. Uwanja wa ndege wa Goma uko mita 1,551. Toa moja kwa nyingine: mita 90 hivi. Majengo si mbali na uwanja. Baba yako akitaka kuchimba kisima pale nyumbani, ni kama kusimama juu ya jengo la orofa 30 na kutoboa hadi chini, tena kwenye jiwe linalovunja mtarimbo. Ndiyo maana huoni visima kwenu. Hata bomba la kupitisha maji ni taabu: kufukia mita moja ya bomba hapa ni kazi ya nyundo, wakati Bukavu ni kazi ya jembe. Regideso, shirika la maji la Leta, inavuta maji ziwani na kuyasukuma kupanda mlima. Umeme ukikatika maji yanabaki chini, na asubuhi yake unaiona bei ya bidoni imepanda. Wewe unayepanga foleni unajua hayo kuliko mimi.

Ila maji yaliyozama hayakai tu. Yanatembea ndani ya nyufa kuelekea kusini na kuingia ziwani, na mengi yanaingia chini kwa chini. Wataalamu wanaopima ziwa wamekuta upande wa kaskazini, kwenye vilindi, chemchemi zinazobubujika chini ya maji. Nyingine ni za moto, zina chumvi na gesi ya kaboni kutoka kwenye volkano. Maji yenye chumvi ni mazito, kwa hiyo yanabaki chini. Maji mepesi yanabaki juu, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki. Ziwa Kivu lina kina cha mita zipatazo 485, lakini samaki wanaishi kwenye ngozi yake ya juu tu, maana chini hakuna oksijeni. Huko chini kumejifungia gesi ya kaboni kiasi cha kilomita za ujazo 300 hivi, na methani kama 60.

Najua ukisikia hivyo utaniuliza habari za ziwa Nyos la Kamerun, ambalo mwaka 1986 lilitoa gesi usiku likaua watu wapatao 1,700. Ndiyo, Kivu ni la ukoo huo, na kubwa mara nyingi zaidi. Lakini uzito wa maji ya juu unaibana gesi kama kifuniko cha chupa ya bia ya Primus, na Wanyarwanda wameanza kuivuta methani na kuwasha umeme: mtambo wa Kibuye unatoa megawati 26. Usikose usingizi kwa ajili ya ziwa. Cha kuangalia kila siku ni mazuku, ambayo ni ndugu mdogo wa jambo hilo hilo. Nyufa zinazopitisha maji kwenda chini ndizo zinazopitisha gesi ya kaboni kuja juu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haina rangi, inajikusanya mabondeni na kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Upande wa Mugunga, Bulengo na Sake inaua mbuzi, inaua na watu. Ukiona majani yamekauka kwenye shimo na mdudu amelala chali, usishuke kumtazama. Ukubwa wa shimo haujalishi.

Jambo lingine linalotoka kwenye nyufa, na hili vitabu vya shule hulipita haraka, ni kipindupindu. Watu hufikiri maji yakipita kwenye mawe yanachujwa. Mchanga unachuja, kwa sababu maji yanapenya taratibu kati ya punje na punje. Ufa hauchuji kitu. Uchafu wa choo ukiingia kwenye ufa wa lava unasafiri na maji yake hadi kule yanakotokea. Tena choo chenyewe utakichimba vipi? Mwezi wa saba 1994, wakimbizi wapatao milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma na viunga vyake kwa siku chache. Kambi ya Kibumba, kaskazini mwa mji, haikuwa na maji kabisa. Jiwe halikuchimbika kwa vyoo, halikuchimbika hata kwa makaburi. Kipindupindu na kuhara vikaua watu kama 50,000 katika mwezi mmoja hivi. Siku nyingine mkifundishwa "uhusiano wa jiolojia na makazi" na mtu akasinzia darasani, mkumbushe hayo. Na hayajaisha: kambi za waliokimbia vita miaka ya 2022 hadi 2024, Kanyaruchinya na nyinginezo, zilipigwa juu ya mawe hayo hayo, na shida ilikuwa ile ile.

Utaniambia basi tukinge maji ya mvua. Ndiyo, mabati na tangi ni jibu zuri, na nyumba nyingi za Goma zinaishi hivyo. Ila hata hapo volkano inaweka mkono wake. Moshi wa Nyiragongo na wa jirani yake Nyamulagira una florini, mvua inapita ndani ya moshi ule na kuibeba. Ikizidi kwenye maji ya kunywa ya mtoto anayeota meno, meno hutoka na madoa ya kahawia. Katika vijiji vilivyo upande unaopelekewa moshi na upepo, utawaona watu wazima wenye meno hayo, na si kwamba hawayasugui.

Sasa swali lako la pili. Hilo mimi nalipenda zaidi, ila watu hulijibu kwa dharau, eti watu wa Goma ni wabishi au hawajasoma.

Ukitaka kujua kwa nini mji uko ulipo, tenganisha kiwanja chake na nafasi yake. Kiwanja ni pale chini ya miguu: jiwe, maji, mteremko. Nafasi ni namna mahali hapo palivyokaa kati ya mahali pengine. Kiwanja cha Goma ni kibaya, tusidanganyane. Nafasi yake ni ya dhahabu. Simama kwenye sanamu ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, pale kwenye mzunguko uangalie: kusini ni ziwa, na boti za Bukavu na Idjwi, mashariki ni mpaka, kaskazini ni barabara ya Rutshuru na Butembo, magharibi ni Sake na Masisi kwenye maharage, maziwa na jibini. Wajerumani walikuwa na kituo Gisenyi, Wabelgiji wakaweka chao hapa mkabala, na makubaliano ya mwaka 1910 yakaugawa ukanda huu. Tangu hapo Goma imekuwa mlango. Nenda Petite Barrière, kivuko cha mpakani, asubuhi na mapema uwaone akina mama wakivuka na nyanya, mayai, samaki wadogo wa sambaza na unga. Wanavuka maelfu kwa maelfu kila siku, na hakuna mmoja anayekuja kwa sababu ya ubora wa jiwe. Mwaka 1988 Kivu ilipogawanywa mikoa mitatu, Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini, na Leta ikaleta maofisi yake. Maofisi yanaleta watu, watu wanaleta soko, na soko linaita watu wengine.

Halafu ikaja vita, na hapo hesabu inabadilika kabisa. Nyiragongo imemwaga lava mjini au pembeni yake mwaka 1977, 2002 na 2021. Mara tatu katika miaka 44. Sasa mwulize mtu aliyekimbia kijiji chake Masisi au Rutshuru amekimbia mara ngapi katika muda huo. Wengine watakosa vidole vya kuhesabia. Mtu huyo akipata parseli ndogo Buhene, kaskazini mwa mji, juu ya jiwe jeusi, haoni hatari ya volkano kama unavyoiona wewe kitabuni. Anaipima na hatari aliyoiacha nyuma, na mlima unatoka mwepesi. Kosa la wataalamu wengi ni kupima hatari moja peke yake, kana kwamba mtu huamka asubuhi akachagua kati ya volkano na usalama.

Na hatari yenyewe haigawanywi sawa. Angalia nani anakaa wapi. Himbi, kando ya ziwa, kuna nyumba za orofa na bustani. Kaskazini, kuelekea mlima, kuna mbao na mabati, kwa sababu ardhi ni nafuu, na mbao hazihitaji msingi wa kina. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 lava iliposhuka usiku, iliishia Buhene, mita mia chache tu kabla ya uwanja wa ndege. Waliopoteza nyumba walikuwa hao wa mbao na mabati. Siku tano baadaye, ardhi ikitetemeka na barabara zikipasuka, watu wa kartiye kumi waliamriwa kuondoka. Wengi walielekea Sake kwa miguu, godoro kichwani, wengine Gisenyi, wengine wakapanda boti kwenda Bukavu. Mwezi uliofuata walikuwa wanarudi. Mwaka 2002 walirudi hata kabla jiwe halijapoa. Sababu ni nyepesi: ukiondoka, parseli yako inapata mwenyewe mwingine, na kule unakokwenda hakuna anayekungoja na kazi.

Tena lava si adui tu. Angalia ukuta wa shule yenu, angalia uzio wa jirani, angalia changarawe ya barabarani: vyote ni mlima uliokatwakatwa. Kuna akina mama Majengo na Mabanga wanaosomesha watoto kwa kupasua mawe, nyundo moja na rundo moja kwa wiki. Na ukiupa muda, uwanda wa lava unaanza kula na kulisha. Kwanza unaota vazi la kijivu, kimea kigumu kama povu lililokauka, utakiona kwenye lava ya 2002 bila kutafuta. Baadaye kwenye nyufa zinachipua feni, halafu vichaka. Majivu ya zamani zaidi ndiyo yale yanayozaa viazi vya Kibumba vinavyoshuka mjini kwa chukudu, magunia kwa magunia, bila tone la mafuta. Na hapo pia jiografia imo: Kibumba iko juu, Goma iko chini, mteremko ndio injini. Shida ni kurudi, mwulize mwenye chukudu.

Umeona sasa kwamba swali lako la kwanza na la pili vinakutana kwenye mlima huo huo. Hata ziwa ni kazi yake. Zamani, kabla ya safu ya Virunga kuinuka, maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa ziwa Edward na mto Nile. Bonde lenyewe ni ufa mkubwa, ardhi ya mashariki na ya magharibi zinaachana milimita chache kila mwaka, na kwenye ufa huo ndipo volkano zilipotokea, zikaziba njia kama mtu anayeziba mfereji kwa jembe. Maji yakapanda hadi yakapata pa kumwagikia kusini, kwa Ruzizi, kwenda Tanganyika na mwishowe mto Kongo. Mvua inayoanguka leo juu ya bati lenu Majengo, kama si mlima, ingekuwa njiani kwenda Misri.

Mtihani ukiuliza kwa nini Goma haina mito, andika hivi kwa maneno yako: mvua ni nyingi, lakini lava changa yenye nyufa inayameza maji kabla hayajakusanyika kuwa mkondo, nayo yanaishia ziwani chini kwa chini. Taja Sake au Bukavu kama mfano wa kinyume. Usiandike kwamba Goma ni kame. Nimesahihisha makaratasi yenye sentensi hiyo, kalamu ikaniuma.

Nyanya yako nimemwacha mwisho kwa heshima yake. Mto, kwa maana ya maji yenye kingo mbili na njia yake, hakuna chini ya Goma; kuna maji yanayojipenyeza kwenye nyufa elfu, polepole hapa, haraka pale. Lakini kwamba mvua yetu inapita chini ya mji kwenda ziwani, hilo ni kweli, na wataalamu walihitaji kushusha vipimo mamia ya mita ziwani ndipo waone inakotokea. Mwulize yeye alilipata kwa nani. Uandike jibu lake, na muda ulioupima wa kopo lile la udongo wa Sake, unitumie vyote viwili.